Injini za Jeti za Ndege za Kivita Zinazokwepa Rada

Baada ya kusoma mada hii, unatakiwa uweze:
(a) kueleza jinsi injini ya jeti inavyofanya kazi kwa kutumia sheria za Newton;
(b) kutaja sababu zinazofanya ndege inayokwepa rada ihitaji injini ya aina yake;
(c) kufanya hesabu rahisi za msukumo, nishati na matumizi ya mafuta;
(d) kujadili kwa nini kubuni injini mpya huchukua miaka mingi na fedha nyingi.

Katika mada hii, ndege za kivita zilizoundwa ili zisinaswe kwa urahisi na rada tutaziita kwa ufupi ndege za kificho.

1. Injini ya jeti inavyofanya kazi

Puliza puto, kisha liachie bila kulifunga mdomo. Hewa inatoka upande mmoja, puto linakimbia upande wa pili. Hiyo ndiyo sheria ya tatu ya Newton: kila tendo lina mwitiko ulio sawa nalo na unaoelekea upande wa pili. Injini ya jeti hufanya kazi hiyo hiyo mfululizo, bila kuishiwa pumzi.

Injini hiyo ina sehemu kuu tano, na hewa huzipitia kwa mpangilio huu:

(i) Mlango wa hewa. Hupokea hewa ya mbele na kuituliza kabla haijaingia ndani.
(ii) Kompresa. Ni safu za mapanga yanayozunguka kwa kasi na kuishindilia hewa. Hewa iliyoshindiliwa huwaka vizuri zaidi, kama mkaa unavyokolea mhunzi anapobonyeza mvukuto.
(iii) Chumba cha mwako. Mafuta hunyunyizwa humu, yakachanganyika na hewa na kuwaka. Gesi hutanuka kwa nguvu.
(iv) Turbini. Gesi ya moto husukuma mapanga yake. Turbini imeunganishwa na kompresa kwa shafti, kwa hiyo ndiyo inayoizungusha.
(v) Nozeli. Gesi hutoka nyuma kwa kasi kubwa na kuisukuma ndege mbele.

Waliofungua njia ni wawili, na hawakufanya kazi pamoja. Mwingereza Frank Whittle aliomba hataza ya injini ya jeti mwaka 1930. Mjerumani Hans von Ohain alitengeneza injini iliyorusha ndege ya Heinkel He 178 tarehe 27 Agosti 1939, na hiyo ikawa ndege ya kwanza ya jeti kuruka. Ndege ya Uingereza iliyotumia injini ya Whittle iliruka Mei 1941.

Hesabu ya msukumo

Tukiacha tungamo dogo la mafuta, kani ya msukumo hupatikana hivi:

Msukumo = tungamo la hewa kwa sekunde × (kasi ya gesi inayotoka − kasi ya ndege)

Mfano 1. Injini inaingiza kilo 100 za hewa kila sekunde. Ndege inaruka kwa mita 250 kwa sekunde, na gesi inatoka kwa mita 850 kwa sekunde. Tafuta msukumo.

Msukumo = 100 × (850 − 250) = 100 × 600 = N 60,000, yaani kN 60.

Kosa la kuepuka: Usiandike kwamba gesi inayotoka "inasukuma hewa ya nje" na ndiyo sababu ndege inakwenda. Injini huipa gesi mwendo wa kurudi nyuma, na gesi huirudishia injini kani ya kwenda mbele. Hewa ya nyuma ya ndege haihitajiki kuwa ukuta wa kuegemea.

2. Njia mbili za kupata msukumo

Ukiitazama kanuni hiyo, utaona kwamba msukumo unaweza kuongezwa kwa kupitisha hewa nyingi zaidi au kwa kuitoa kwa kasi zaidi. Njia hizi hazigharimu sawa.

Mfano 2. Injini mbili zimefungwa ardhini. Injini A inasukuma kilo 100 za hewa kwa sekunde hadi mita 600 kwa sekunde. Injini B inasukuma kilo 200 kwa sekunde hadi mita 300 kwa sekunde. Linganisha msukumo na nishati inayopewa hewa kila sekunde.

Msukumo wa A = 100 × 600 = N 60,000
Msukumo wa B = 200 × 300 = N 60,000
Nishati ya A = ½ × 100 × 600² = jouli 18,000,000
Nishati ya B = ½ × 200 × 300² = jouli 9,000,000

Msukumo ni uleule, lakini A imeipa hewa nishati mara mbili ya B. Nishati hiyo inatoka kwenye mafuta. Kwa hiyo, kusukuma hewa nyingi polepole ni nafuu kuliko kusukuma hewa kidogo kwa kasi.

Ndiyo maana ndege za abiria zina injini zenye feni pana mbele. Sehemu kubwa ya hewa ya feni haiingii kwenye chumba cha mwako. Hupita pembeni na kutoka nyuma ikiwa baridi. Hewa inayopita pembeni ikigawanywa kwa hewa inayopita katikati, tunapata uwiano wa hewa ya pembeni. Katika injini za kisasa za abiria uwiano huu hufika 9 au zaidi. Katika injini ya kivita aina ya F135 ni takribani 0.57, na katika F119 ni takribani 0.3.

Kwa nini wanajeshi wasitumie feni pana? Kwa sababu feni pana huzuia mwendo unapokaribia na kuzidi kasi ya sauti, na haitoshei ndani ya ndege nyembamba. Basi mhandisi wa ndege ya kivita yuko njia panda: akitaka kasi, mafuta yanakwisha upesi, akitaka safari ndefu, kasi inapungua. Mvutano huu ndio kiini cha mada yote.

Kichomeo cha nyuma

Rubani anapohitaji nguvu ya ghafla, huwasha kichomeo cha nyuma: mafuta ya ziada humwagwa kwenye bomba lililo nyuma ya turbini na kuwaka humo. Injini ya F135 hutoa takribani kN 125 bila kichomeo na takribani kN 191 kikiwashwa. Ongezeko ni kN 66, sawa na asilimia 53 hivi. Lakini matumizi ya mafuta huongezeka zaidi ya mara mbili, na nyuma ya ndege hutokea ulimi wa moto unaoonekana mbali na vifaa vya kunasa joto. Kwa ndege inayojificha, huko ni kujipigia mbiu.

3. Ndege ya kificho inadai nini kwenye injini?

Rada hutuma mawimbi ya redio na kusikiliza mwangwi wake. Ndege ya kificho hupunguza mwangwi huo kwa umbo lake na kwa rangi na vitu vinavyofyonza mawimbi. Umbali ambao rada inaweza kuigundua ndege hufuata kipeuo cha nne cha ukubwa wa mwangwi. Maana yake, ili kupunguza umbali wa kugunduliwa hadi nusu, mwangwi lazima upunguzwe mara 16 (kwa kuwa 2 × 2 × 2 × 2 = 16). Ukitaka umbali upungue mara 10, mwangwi upunguzwe mara 10,000. Kwa hesabu hiyo, kasoro moja ndogo huweza kuharibu kazi yote, na injini ni mojawapo ya kasoro kubwa:

(a) Mapanga ya mbele. Mapanga ya chuma yanayozunguka hurudisha mwangwi mkubwa. Wabunifu hulipinda bomba la kuingiza hewa ili rada isione mapanga moja kwa moja. Bomba lililopinda huivuruga hewa, na injini lazima iivumilie hewa hiyo bila kukwama.

(b) Joto la nyuma. Makombora mengi hufuata mionzi ya infraredi inayotoka kwenye ekzosi. Gesi inabidi ichanganywe na hewa baridi au ifichwe kwa umbo la nozeli.

(c) Silaha za tumboni. Silaha na mafuta havining'inizwi chini ya mabawa, maana vingeakisi rada. Huwekwa ndani, hivyo mwili wa ndege huwa mnene na mzito, na msukumo mkubwa zaidi huhitajika.

(d) Joto la ndani. Rada na kompyuta za ndege hutoa joto jingi. Ndege haiwezi kufunguliwa matundu ya kupozea kila mahali, kwa kuwa kila tundu ni mwangwi. Mafuta na hewa ya injini ndivyo hutumika kubeba joto hilo.

Ndege ya F-117 ya Marekani, iliyoruka kwa mara ya kwanza Juni 1981, ilitatua matatizo haya kwa kukubali hasara. Injini zake mbili za F404 hazikuwa na kichomeo cha nyuma, milango ya hewa ilifunikwa kwa wavu, na gesi ilitokea kwenye nyufa pana na nyembamba. Ilijificha vizuri, lakini haikuweza kuruka haraka kuliko sauti.

Kosa la kuepuka: Ndege ya kificho si ndege isiyoonekana kabisa. Tarehe 27 Machi 1999, F-117 moja iliangushwa na kombora nchini Yugoslavia. Kificho hupunguza umbali wa kugunduliwa. Hakiufanyi kuwa sifuri.

4. Kutoka F119 hadi F135

Jeshi la Anga la Marekani lilitaka ndege inayofuata iwe na vyote viwili, kificho na kasi. Kampuni mbili zilishindana kutengeneza injini yake. Pratt & Whitney ilileta YF119, na General Electric ikaleta YF120. YF120 iliweza kubadili njia ya hewa ndani yake ikiwa angani. YF119 ilikuwa ya muundo rahisi zaidi. Injini zote mbili zilirushwa kwenye ndege za majaribio mwaka 1990. Aprili 1991 ushindi ulikwenda kwa ndege ya F-22 ya Lockheed na injini ya Pratt & Whitney.

F119 ina msukumo wa takribani kN 156, na F-22 hubeba mbili. Kwa injini hizo ndege inaweza kudumu kwenye mwendo unaozidi Mach 1.5 bila kuwasha kichomeo cha nyuma. Nozeli zake ni bapa ili kupunguza mwangwi na joto, na huweza kuinama nyuzi 20 juu au chini kuisaidia ndege kugeuka. F-22 ya kwanza iliruka Septemba 1997 na kuanza kazi jeshini Desemba 2005. Hesabu mwenyewe: tangu injini ichaguliwe hadi ndege ianze kazi ilipita zaidi ya miaka 14.

Kutokana na F119 ilizaliwa F135, injini ya ndege ya F-35 iliyoruka kwa mara ya kwanza Desemba 2006. F-35 ina injini moja tu. Katika aina ya F-35B, shafti ya injini huzungusha pia feni kubwa iliyo nyuma ya rubani, ili ndege iweze kutua wima.

Kwa muda, injini ya pili, F136 ya General Electric na Rolls-Royce, ilikuwa ikitengenezwa ili kushindana na F135. Mradi huo ulifutwa mwaka 2011 kwa hoja ya kubana matumizi. Waliopinga walisema kwamba kutegemea injini moja ni hatari: ikipata kasoro, ndege zote hukaa chini.

Tarehe 23 Juni 2014, hoja hiyo ilipata uzito. F-35 moja ilikuwa ikijiandaa kupaa katika kambi ya Eglin, Florida, injini yake ilipopasuka na kushika moto. Rubani alitoka salama. Uchunguzi ulionyesha kwamba mapanga ya safu ya tatu ya feni yalikuwa yamesuguana kupita kiasi na sili inayozuia hewa isivuje. Msuguano ulizalisha joto kali, titani ikapata nyufa ndogo ndogo, na baadaye nyufa hizo zikaenea hadi chuma kikaachia. Ndege za F-35 zilisimamishwa kuruka kwa muda, na hazikuweza kufika kwenye maonyesho ya Farnborough, Uingereza, yaliyokuwa yakisubiriwa Julai mwaka huo.

Jambo la kujifunza: nafasi kati ya panga na sili ni ndogo mno. Ikiachwa kubwa, hewa huvuja na nguvu hupotea. Ikibanwa mno, chuma husuguana. Ufundi wa injini uko katika vipimo vya aina hii.

5. Joto na vyuma

Injini hutoa kazi kubwa zaidi gesi inapoingia kwenye turbini ikiwa na joto kubwa zaidi. Nikeli huyeyuka kwa nyuzi 1,455 za Selisiasi, na aloi za nikeli zinazotumika kwenye turbini huanza kuyeyuka chini kidogo ya hapo. Hata hivyo, injini ya majaribio ya Japani, XF9-1, ya kampuni ya IHI (mwaka 2018), iliundwa kustahimili gesi ya nyuzi 1,800. Panga linawezaje kukaa ndani ya gesi yenye joto kuliko kiwango chake cha kuyeyuka? Kwa njia tatu:

(i) Kupozwa kwa hewa. Panga lina uwazi ndani na matundu madogo. Hewa ya kompresa hupita humo na kutandaza utando wa baridi juu ya panga.
(ii) Kukuzwa kama fuwele moja. Chuma cha kawaida kina chembe nyingi zilizoungana, na mipaka ya chembe hizo ndiyo huachia kwenye joto kali. Panga la fuwele moja halina mipaka hiyo.
(iii) Kuvikwa kauri. Tabaka jembamba la kauri huzuia joto lisifikie chuma haraka. Baadhi ya sehemu mpya hutengenezwa kwa kauri yenye nyuzi ndani yake, ambayo ni nyepesi kuliko nikeli.

Ufundi huu haununuliwi dukani, wala haunakiliwi kwa kuitazama injini kwa nje. China ilirusha ndege yake ya kificho, J-20, Januari 2011, lakini kwa miaka ilitegemea injini za Urusi kabla ya kuhamia kwenye injini zake za WS-10 huku ikiendeleza WS-15. Urusi yenyewe iliirusha Su-57 Januari 2010 ikiwa na injini ya muda. Injini yake mpya ilijaribiwa angani kwa mara ya kwanza Desemba 2017. Umbo la ndege hutangulia, injini hufuata nyuma.

6. Injini inayojibadili

Rudi kwenye njia panda ya sehemu ya 2. Je, injini moja inaweza kuwa na hewa nyingi ya pembeni wakati wa safari, na hewa kidogo wakati wa mapambano? Hilo ndilo wazo la injini inayojibadili. Pamoja na mikondo miwili ya kawaida, huongezwa mkondo wa tatu unaoweza kufunguliwa au kufungwa. Ukifunguliwa, mafuta hutumika kwa uangalifu, na hewa yake baridi husaidia kupoza vifaa vya ndege. Ukifungwa, hewa yote hugeuzwa kuwa msukumo.

Mwaka 2016 Marekani ilizipa General Electric na Pratt & Whitney mikataba ya kutengeneza injini hizo, zikaitwa XA100 na XA101. Lengo lilikuwa kupunguza matumizi ya mafuta kwa asilimia 25 na kuongeza msukumo kwa asilimia 10.

Mfano 3. Ndege inatumia kilo 4 za mafuta kwa kilomita moja na inabeba kilo 8,000. Itafika umbali gani? Injini mpya ikipunguza matumizi kwa asilimia 25, je?

Umbali wa kwanza = 8,000 ÷ 4 = km 2,000
Matumizi mapya = 4 × 0.75 = kilo 3 kwa kilomita
Umbali mpya = 8,000 ÷ 3 = km 2,667 hivi

Zingatia: mafuta yamepungua kwa robo, lakini umbali umeongezeka kwa theluthi.

Pamoja na faida hizo, Machi 2023 Jeshi la Anga la Marekani liliamua kutoziweka injini hizo kwenye F-35. Gharama zilikuwa kubwa, na injini hizo hazikufaa kwa aina zote tatu za ndege hiyo. Ikachaguliwa njia ya kuboresha F135 iliyopo. Uamuzi huo haukuwa mwepesi, kwa sababu vifaa vya F-35 vilikuwa vikihitaji kupozwa kuliko injini ilivyokusudiwa. Mwaka 2023 wakaguzi wa serikali ya Marekani walieleza kwamba uchakavu unaotokana na mzigo huo ulikadiriwa kuongeza dola bilioni 38 za matengenezo katika maisha ya ndege hizo.

Kazi ya injini zinazojibadili haikupotea. Maarifa yake yamehamia kwenye miundo ya XA102 na XA103, inayoandaliwa kwa ajili ya kizazi kijacho cha ndege za kivita. Wazo lililoshindwa na YF119 mwaka 1991 limerudi mezani.

Mambo ya kukumbuka

• Msukumo hutegemea tungamo la hewa kwa sekunde na badiliko la kasi yake.
• Hewa nyingi ya polepole huokoa mafuta; hewa kidogo ya kasi hufaa mwendo mkubwa.
• Kupunguza umbali wa rada kwa nusu hudai mwangwi upunguzwe mara 16.
• Joto la turbini ndilo kikwazo kikuu cha kuongeza nguvu ya injini.
• Injini bora kwenye majaribio si lazima ichaguliwe. Gharama, nafasi na uaminifu navyo hupimwa.

Maswali ya marudio

1. Taja sehemu kuu tano za injini ya jeti na kazi ya kila moja. (alama 5)
2. Injini inaingiza kilo 80 za hewa kwa sekunde. Ndege inaruka kwa mita 200 kwa sekunde na gesi inatoka kwa mita 900 kwa sekunde. Tafuta msukumo. (alama 3)
3. Mwangwi wa ndege umepunguzwa mara 81. Umbali wa kugunduliwa umepungua mara ngapi? (alama 2)
4. Eleza kwa nini kichomeo cha nyuma ni msaada na pia ni hatari kwa ndege ya kificho. (alama 4)
5. "Nchi iwe na watengenezaji wawili wa injini hata kama gharama itaongezeka." Jadili kwa kutumia mifano ya mwaka 2011 na 2014. (alama 10)

Majibu ya hesabu

Swali la 2: 80 × (900 − 200) = N 56,000 au kN 56.
Swali la 3: kipeuo cha nne cha 81 ni 3, umbali umepungua mara 3.

Dokezo la swali la 5: Mtahini hatafuti upande unaouunga mkono. Anatafuta hoja za pande zote mbili, kila hoja na mfano wake, kisha msimamo wako unaotokana na hoja hizo. Jibu lenye upande mmoja tu haliwezi kupata alama zote.